Maji ya Kwanza Hayafungwi

Mwalimu wangu wa umeme alikuwa na swali moja tu la kumpimia fundi. Ukimpigia simu kutoka porini, umejaa vumbi na furaha, ukamwambia pampu inavuta na maji yanatoka, hakusema hongera. Aliuliza tu, "Umegeuza?"

Swali hilo linahitaji maelezo, na naomba nivumiliwe kwa aya moja. Pampu ya kisima kirefu inazungushwa na mota yenye waya tatu. Waya hizo zinapanda kutoka chini ardhini mpaka kwenye kontrola, kile kisanduku cha ukutani kinachopokea umeme wa jua kutoka kwenye paneli na kuamua pampu iende mwendo gani. Asubuhi inakwenda kwa kunyata, saa sita inakimbia, wingu likipita inapunguza, likiondoka inaongeza. Ukifunga waya tatu hivi, mota inazunguka kulia. Ukibadilisha nafasi za mbili kati ya hizo, inazunguka kushoto. Na mtego uko hapo, kwa sababu pampu ikizunguka kinyumenyume maji bado yanatoka. Yanatoka machache, lakini mtu ambaye hajawahi kuona bomba likitoa maji kijijini kwake atajuaje kwamba ni machache? Kwa hiyo mwalimu alituwekea sheria. Maji yakitoka, pima ndoo moja. Zima, geuza waya mbili, washa, pima tena. Upande unaojaza ndoo upesi ndio upande wa kweli.

Mwalimu mwenyewe ni mzee wa Dodoma mjini, mjukuu wa wafanyabiashara waliofika na misafara ya zamani wakaona hakuna haja ya kuendelea na safari. Ana duka dogo la vipuri, na mfuko wa kanzu yake haukosi bisibisi. Alinipokea wakati mafundi wengine wanacheka kumwona mwanamke wa Chemba ndani ya ovaroli. Kila ninachokijua kanifundisha yeye. Alijaribu kunifundisha na kusubiri, lakini hapo alishindwa. Nina hasira za karibu. Skrubu ikinidondoka naitukana kwa lugha ya kwetu, ile ya kugonga ulimi, nikiamini hakuna anayeelewa. Watu wanaelewa vizuri tu.

Kisima ninachokikumbuka kuliko vyote kiko katika kijiji kimoja mbele ya Mvumi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kupewa peke yangu, kufunga kontrola mwanzo hadi mwisho bila mwalimu kunisimamia. Kijiji kizima kilitoka msaragambo, kazi ya kujitolea. Wanaume walishusha pampu na mabomba kwa mikono, wakiimba, na mimi nikafunga waya zangu ndani ya kibanda cha tofali kilichokuwa bado kinanuka saruji mbichi. Saa saba mchana nikawasha. Tarakimu za kontrola zikaanza kupanda, na nje nikasikia bomba linakohoa hewa. Kisha vikapigwa vigelegele.

Watu wale walikuwa wanachimba mchanga wa korongo kutafuta maji. Walikuwa wanaamka alfajiri kuwahi dimbwi moja kabla ya ng'ombe. Sasa waliyaona maji yanamwagika mchana kweupe kana kwamba hayana mwenyewe. Nilitoka kibandani nikilia, na sioni aibu kusema hivyo.

Sheria niliikumbuka. Nilipima ndoo ya kwanza, nikarudi kibandani ili nizime nigeuze. Mlangoni alikuwa amesimama bibi mmoja, mkongwe kuliko wote pale, mfupi, ameziba njia yote.

"Unakwenda wapi?"

"Kuzima kidogo, bibi. Nataka kubadilisha waya."

"Kuzima nini?"

"Maji."

Alinitazama kama niliyemtukania mama yake. "Maji ya kwanza hayafungwi," akasema. "Mpaka kila nyumba ichote. Ukiyafunga leo yanajua njia ya kurudi."

Ndivyo walivyofanya wazee wao kila walipoyafikia maji kwenye mchanga. Shimo halikuzibwa mpaka kibuyu cha kila nyumba kijae. Na nyumba zilikuwa nyingi. Fundi mwenye akili angekaa chini akasubiri. Mimi nilishikwa mikono, nikaingizwa kwenye ngoma, nikachezeshwa mpaka ovaroli ikafumuka mshono wa kwapani. Pale pale kwenye ngoma mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamuru, alikabidhiwa ufunguo wa kibanda mbele ya watu wote, akauvaa shingoni kwa kamba. Nyumba ya mwisho ilipochota, jua lilikuwa limeshainama, pampu imepunguza mwendo, na dereva anapiga honi. Nikapanda gari nimekumbatia jogoo wa zawadi. Hatujafika barabara kuu, simu ikaita.

"Umegeuza?"

"Nimegeuza, mwalimu!"

Nilijibu huku nacheka. Moyoni nilijiambia, maji si yametoka? Na jogoo akawika.

Miaka miwili ikapita. Nikafunga visima vingine, nikageuza kila kimoja, nikajiona fundi wa watu. Kisha nikaitwa tena kule mbele ya Mvumi kwa sababu kontrola ilikuwa imekufa. Nilifika Ijumaa jioni na kontrola mpya imefungwa kwenye blanketi. Mwenyeji wangu alikuwa yule mama wa ufunguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alitabasamu, ila tabasamu lenyewe halikufika mbali. Nilimkuta amekonda. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na bustani, au palipokuwa bustani. Matuta bado yalionekana, yamenyooka vizuri, lakini hapakuwa na jani juu yake. Mpapai mmoja ulisimama mkavu kama mchi. Mimi na mdomo wangu tukaanza kumtania.

"Mama, bomba liko hatua hamsini, na bustani imekushinda?"

"Bustani ina maneno," akajibu, akaingia ndani kusonga ugali.

Nilidhani ni uvivu wa uzee, basi nikaendelea kucheka peke yangu. Tulipokaa kula, ugali wa uwele na mlenda, ndipo akaniambia.

"Kesho saa nane kuna mkutano. Wananivua ufunguo."

"Kwa kosa gani?"

"Maji hayatoshi. Hayajawahi kutosha. Tuliambiwa tenki litajaa kabla ya saa saba. Halijajaa hata siku moja. Mwaka wa kwanza watu walishukuru tu. Mwaka wa pili wakaanza kujiuliza yanakwenda wapi." Alimega tonge, akaliangalia, hakulila. "Kuna mzee mmoja wa ng'ombe. Mifugo ndiyo inakunywa mwisho, kwa hiyo yeye ndiye anayekosa. Akasema mwenye ufunguo anafungulia koki ya tenki alfajiri, anamwagilia mchicha wake watu wamelala. Nikamwuliza nani ameniona. Akasema lisemwalo lipo."

"Na wewe?"

"Mimi niliacha kumwagilia. Nikasema bustani ife, waone. Ikafa. Wakasema ameacha kwa sababu tumemshtukia."

Nilirudisha tonge sahanini. Nilisikia masikio yanawaka moto. Mwaka mzima yule mama alikuwa anatazama mpapai wake unakauka, na mimi nikiwa kwangu Area D, Dodoma mjini, namla jogoo wao. Sikuwa na hakika bado. Ila nilikumbuka lile neno langu, "nimegeuza", na jinsi lilivyotoka jepesi. Nilitaka kumwambia pale pale na ulimi haukunyanyuka. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani.

Asubuhi nikapanda kichuguu kilicho nyuma ya shule, ndipo penye mtandao, nikampigia mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kontrola imefika salama?"

"Imefika. Mwalimu, ile mara ya kwanza sikugeuza."

Nikasikia mtu dukani anaulizia soketi, na yeye akimwambia asubiri.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Aliyegeuza huwa analalamika. Ataniambia skrubu zilikuwa ngumu, jua kali, amekaa dakika kumi akingoja kontrola iishiwe umeme wake. Wewe ulinijibu unacheka na jogoo anawika. Nikasema, huyu atarudi mwenyewe."

"Miaka miwili, mwalimu! Si ungeniambia?"

"Nilitaka uniambie wewe," akasema. Kisha sauti yake ikashuka. "Sikufikiria kama kuna watu upande wa pili. Hapo na mimi nimekosa. Nenda kageuze."

Nikateremka. Nilipofungua kontrola ya zamani nikamkuta muuaji wake, mjusi mdogo wa ukutani, ameingia kutafuta joto akalala juu ya mahali pasipolalwa. Nilimcheka, nikamwonea huruma. Waya zangu tatu zilikuwa vile vile nilivyoziacha. Hapo shetani akanijia na maneno mazuri. Funga kontrola mpya, aliniambia, geuza kimya kimya, maji yajae, watu wapige vigelegele, sema teknolojia imeendelea. Nani atakayejua?

Nilikuwa nimeshashika bisibisi. Ila niliona jambo moja. Nikifanya hivyo, maji yatajaa siku ile ile anayovuliwa ufunguo. Mzee wa ng'ombe atasema mnaona, mwizi ameogopa mkutano. Yule mama angebaki na jina hilo mpaka kaburini, nami ndiye ningekuwa nimemwandikia. Nikafunga waya zile zile kwenye kontrola mpya, kwa mpangilio ule ule mbovu, kisha nikatoka nje nikamwomba mama wa ufunguo awaite watu mapema, waje bombani na ndoo.

Walikuja mapema kuliko walivyoitwa, maana walikuwa wamekaa bila maji tangu kontrola ife. Nikawasalimu kwa Kigogo, "mbukwenyi", kwa lafudhi yangu ya Chemba, wakacheka, na kicheko chao kikanipa nguvu kidogo. Mzee wa ng'ombe alisimama pembeni na fimbo yake, mifugo yake nyuma ikinusa tenki tupu. Bibi mkongwe alikuwa ameletewa kigoda. Nikawaeleza kwamba tutajaza ndoo moja, tupime muda kwa simu yangu.

"Simu ni yako," akasema mzee wa ng'ombe. "Itasema unachotaka wewe."

Nilikasirika, halafu nikaona ana haki. Wanawake ndio waliotoa ufumbuzi. Wana wimbo wao wa kupura uwele, una mwendo usiobadilika, kwa sababu miti ya kupuria ikipishana watu wanagongana mikono. Ndoo itapimwa kwa wimbo. Nikawasha. Bomba likakohoa, maji yakatoka kama yalivyotoka siku zote, na wao wakaanza kuimba. Waliimba wimbo mara moja, ukaisha. Wakaurudia mara ya pili, ya tatu, na ya nne ilipokaribia mwisho ndoo ikafurika.

"Nne," akasema bibi.

"Sasa naomba nizime," nikasema.

Mnajua kilichotokea. Bibi akanyanyuka kutoka kwenye kigoda kama aliyeumwa na siafu. Kontrola ni mpya, akasema, na maji haya ni ya kwanza, na maji ya kwanza hayafungwi. Watu wakaanza kuitikia. Ndoo zikasogea. Niliona yale yale yanarudi, ngoma na kila kitu, na safari hii nikapaza sauti.

"Nisikilizeni! Mara ile bibi alinikataza, na mimi nikatii kwa sababu nilikuwa na furaha na nilikuwa mvivu. Kuna kipimo sikukifanya. Nikaondoka. Nikamdanganya na mwalimu wangu. Nikizima sasa, nikageuza waya mbili, na ndoo ya pili ikajaa upesi kuliko ya kwanza, basi aliyewapunguzia maji miaka miwili ni mimi. Siyo huyu mama."

Sikuthubutu kumtazama mama wa ufunguo. Bibi bado alikuwa ameziba mlango wa kibanda.

Ndipo mama akasogea. Alishika ule ufunguo uliokuwa kifuani mwake.

"Mpaka saa nane mwenye ufunguo ni mimi," akasema. "Bibi, naomba unipishe. Fundi, zima."

Bibi akapisha. Nikazima. Kisha nikakaa chini, mimi nisiyejua kusubiri, dakika kumi nzima, kwa sababu kontrola ikizimwa huwa haijalala, inasinzia tu, na ukiigusa inakung'ata. Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko ile miaka miwili. Nikafungua skrubu mbili, nikabadilisha nafasi za waya mbili, nikakaza. Skrubu moja ikaanguka, na safari hii sikuitukana.

Nikawasha.

Bomba halikukohoa. Lilipiga. Maji yaligonga sakafu ya ndoo kwa kishindo, ndoo ikayumba, mtu akaidaka. Wanawake walikuwa wameanza wimbo, na waliuimba mara moja, wakaingia mara ya pili, na kabla hawajafika katikati maji yalikuwa yanamwagika miguuni mwao. Wakaendelea kuimba mstari mmoja zaidi kwa mazoea, kisha sauti zikakatika moja moja. Watu walitazama ile ndoo.

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi. Alicheka mpaka akarudi kukaa.

"Basi mwizi ni mimi!" akasema. "Nani alimzuia fundi? Nivueni ufunguo mimi!"

Hapo kicheko kikalipuka, na vigelegele juu yake. Watu walinyunyiziana maji usoni, watu wazima na mvi zao. Ng'ombe wakasogea wenyewe bila kuitwa. Nami nilicheka na machozi yakinitoka, ila nilijua mtu mmoja bado hajacheka.

Mama wa ufunguo alisimama mbele yangu.

"Miaka miwili," akasema.

"Miaka miwili, mama. Nisamehe."

Mzee wa ng'ombe akakohoa. Alisema, akiwa anaitazama fimbo yake, kwamba kosa moja haliachi mke, na kwamba yeye haoni sababu ya watu kukaa juani saa nane wakati ufunguo uko mahali pake. Wengine wakaitikia haraka, kama watu wanaotaka jambo lipite. Mkutano ukafa hapo hapo.

"Bado sijamaliza," akasema mama. "Leo ndiyo maji ya kwanza. Hayafungwi mpaka kila nyumba ichote. Na nyumba ya mwisho, ndoo yake utaibeba wewe."

Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Nyumba zikachota, na safari hii hazikuchukua hata saa mbili, nikabaki naangalia tenki likipanda alama kwa alama. Ilipofika saa saba kasoro, likafurika. Watu walisimama kulitazama tu linavyofurika. Mimi nilikuwa na fahari na aibu kifuani kwa wakati mmoja, na fahari ilikuwa inashinda.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kwake, bila shaka. Nikatwishwa ndoo. Kubeba kichwani niliacha nilipohamia mjini, kwa hiyo nilikwenda nimelowa mpaka kiunoni, na nusu ya kijiji ikinifuata na kunipa mawaidha ya shingo. Nilipofika uani nikaelekea kwenye pipa lililokuwa mlangoni.

"Siyo hapo," akasema mama.

Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. Nikaelewa, na miguu ikawa mizito kuliko ndoo. Nikaenda mpaka kwenye tuta la kwanza, nikapiga goti, nikaanza kumimina taratibu. Udongo uliyanywa kwa sauti. Mama hakuwa anatazama maji. Alikuwa anawatazama watu waliosimama kwenye ua wake wa miiba, mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, na hakuna aliyeangalia pembeni.

Ndoo ikaisha kabla ya nusu ya tuta.

"Kalete nyingine," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Ndipo akacheka.

Nilinyanyuka kwenda bombani. Mzee wa ng'ombe alikuwa ameshatangulia, na ndoo yake mkononi.